Kifaranga wa Samaki Halishwi Pumba Tupu

Ndugu zetu wa Mabibo wanaofuga perege, na wale wa Unguja na Pemba wanaofuga mwatiko, tunawapongeza. Lakini bwawa halizai kwa maji peke yake. Kifaranga wa samaki hao huhitaji chakula chenye protini ipatayo asilimia 40, hali perege mkubwa huridhika na 30 hivi. Pumba za mahindi zina asilimia 10 tu! Amlishaye kifaranga pumba tupu anafuga njaa.

Wala wingi wa protini si hoja yote. Zipo asidi amino kumi ambazo samaki hawezi kujitengenezea mwilini. Mashudu ya alizeti yamepungukiwa na lisini, soya imepungukiwa na methionini. Dagaa wanazo zote mbili, ila dagaa hao hao ndio kitoweo cha mnyonge. Ikipungua moja, zilizobaki hazijengi mwili ipasavyo. Huishia kuwa amonia majini, na mfugaji akadhani kisima chake ndicho kibovu.

Tunawataka wakuu wa uvuvi, Bara na Visiwani, wahakikishe kila gunia la chakula cha vifaranga linaonyesha kiasi cha protini, lisini na methionini, na mabwana samaki watoke ofisini wakachanganye chakula pamoja na wafugaji.