Kabati la jikoni: vanishi nzuri huficha mbao mbichi

Anayejenga Kilwa Masoko au Lindi mjini ana njia mbili za kupata makabati ya jikoni: kuagiza ya chipubodi au MDF kutoka Dar es Salaam, au kumwendea seremala wa mtaani. Wengi huamua kwa rangi na bei. Lakini gharama halisi ya kabati ni bei yake ikigawanywa kwa miaka litakayodumu.

Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi. Maji yakipenya kwenye ukingo usiozibwa, huvimba na hairudi ilivyokuwa. Kagua kingo zote, hasa sehemu ya chini ya sinki na tundu la bomba. Kwa pwani yetu ongeza bawaba: hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi, na mlango huanza kuning'inia.

Mninga na mkongo ni mbao imara, zisizocheza sana zikishakauka. Tatizo ni hilo neno "zikishakauka". Ubao wa inchi moja ukianikwa kivulini huchukua miezi, na seremala mwenye mtaji mdogo hawezi kulaza fedha zake muda wote huo. Hununua mbichi, hutengeneza, hupiga vanishi. Kiangazi kikianza kukausha, mlango hupinda na maungio huachia. Hapo hulaumiwa fundi, ingawa kilichokosekana ni mtaji.

Kipimo chake ni rahisi. Omba kipande kilichokatwa kwenye mbao hizo hizo, kipime kwenye mzani wa duka, kiweke ndani ya nyumba wiki mbili, kipime tena. Kikipungua uzito, mbao bado zina maji. Kisha toa droo uigeuze: kama pembe zimeshikwa kwa misumari mitupu, bila ulimi wa mbao kuingia kwenye tundu na gundi, usilipe bei ya mninga. Tazama na mgongo wa kabati, ambako vipande vyenye matundu ya wadudu hupenda kufichwa.

Swali la mwisho ni asili ya mbao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia rahisi ya kwenda Dar es Salaam. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba sehemu kubwa ya uvunaji ilikuwa haramu. Mbao isiyolipiwa ushuru lazima iwe rahisi, na ndiyo inayoua soko la vijiji vinavyofuata sheria. Vijiji hivyo vipo: mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Gogo halali hugongwa nyundo na husafiri na kibali. Mwombe seremala risiti ya alikonunua. Asiye nayo ana sababu ya kuuza kwa bei ya chini.

Kwa hiyo anayetaka kabati la kudumu asisubiri nyumba iezekwe. Aagize mapema, atangulize fedha za mbao tu, zipangwe kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite katikati. Malipo ya ufundi yafuate baada ya kipande kile kupimwa mara ya pili.