Bitcoin ikipanda, talanta yako uiweke wapi?

Bei ya Bitcoin ikipanda, swali huwa halikawii kufika hadi kwenye kundi la WhatsApp la kwaya: je, Mkristo anunue? Yuko anayesema ni kamari tupu. Yuko pia anayefungua Mathayo 25 na kukuuliza kwa nini unafukia talanta yako ardhini wakati wenzako wanazalisha.

Tuanze na huyo wa talanta, maana ndiye anayebeba wengi. Watumishi wale wawili walifanya biashara. Mfanyabiashara wa mchele hununua akijua kuna mtu ataupika. Shamba, hata bei ikianguka, litakupa mahindi. Bitcoin haikupi mahindi wala gawio. Faida yako yote inatoka kwenye mfuko wa atakayenunua baada yako kwa bei ya juu zaidi. Hilo peke yake haliifanyi kuwa dhambi, hata dhahabu inafanana na hivyo. Ila usiipake mafuta ya upako.

Sarafu hii ilianza mwaka 2009. Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000 za Marekani, na wengi waliingia wakati huo wakiogopa kupitwa. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Novemba hiyo hiyo ya 2022 soko la FTX, mojawapo ya makubwa duniani, lilifilisika na wateja wakakwama na fedha zao ndani. Kisha Desemba 2024 bei ikavuka dola 100,000.

Sasa waangalie watu wawili walionunua siku moja kule kileleni. Mmoja aliweka fedha ya ziada, akasubiri miaka mitatu. Mwingine aliweka ada ya mtoto, na shule hufungua Januari, haisubiri soko. Mwaka mmoja baadaye kila milioni moja ya shilingi aliyoweka ilikuwa imebaki kama 230,000, naye akalazimika kuuza. Imani yao inaweza kuwa sawa kabisa, na maombi pia. Kilichowatenganisha ni aina ya fedha waliyoingia nayo.

Kwa hiyo usiniulize kama bei itapanda, sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Keti kwanza kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14, uhesabu. Fedha hii ni ya nani? Ni ya kodi ya nyumba? Ni mkopo wa VICOBA ambao wanawake wenzako wamekudhamini? Basi jibu umeshapata. Kama ni yako na ni ya ziada, mwambie mwenzi wako kiasi kamili, na kwamba robo tatu yake inaweza kupotea. Ukiona kigugumizi, punguza kiasi mpaka kiishe.

Ujue pia kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, au ukasahau maneno yako ya siri, hakuna dirisha la kwenda kulalamika.

Halafu kuna DECI. Tuliokuwepo mwaka 2009 hatujasahau jinsi lugha ya kupanda na kuvuna ilivyochota akiba za waumini. Bitcoin siyo DECI, kwa sababu yenyewe haimwahidi mtu chochote. Lakini ndugu anayekuambia umtumie hela akununulie, kisha kila mwezi utapata asilimia 20, huyo ni DECI aliyebadilisha shati.

Nanyi wachungaji, akija kuomba dakika tano za matangazo baada ya sadaka, msimpe. Na mkisikia anazunguka nyumba za wajane wa mtaani kwenu, tangulieni ninyi kuwatembelea, kabla pensheni haijaingia.