Injini ndogo na hewa ya Kivu
Kabla ya kuchonga injini ya gari la kuchezea la rimoti hapa Gisenyi, afadhali kujiuliza inavuta hewa gani. Ziwa Kivu, ambalo mji huu uko kando yake, liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya sentimita za ujazo 3.5, inayochoma methanoli na nitromethani, hupoteza nguvu hata ikiwa mpya kutoka sandukuni. Sehemu ya hasara hiyo hutokana na mafuta kuzidi hewa, na tiba yake ni kukaza kidogo sindano ya kabureta: kazi ya bisibisi. Kuchonga, yaani kupanua matundu ya silinda, huongeza mizunguko, lakini mara nyingi hupunguza msukumo wa mwanzo, ambao ndio unaohitajika kwenye changarawe na miinuko. Wengine watasema fundi hujifunza kwa kuharibu. Sawa, ila chuma kilichokwisha kutolewa hakirudi. Kuongeza nitromethani kungesaidia, maana hubeba oksijeni yake yenyewe, lakini ni ghali. Anayetaka kasi tu anunue mota ya umeme. Hiyo haivuti hewa.