Mzee wa Gakindu na Ghuba ya Ungwana



Waraka wa juma hili nauandika nikiwa mbali na upepo wa pwani. Niko Gakindu, katika Mukurwe-ini ya Nyeri, nyumbani kwa wazazi wa mkwe wangu. Asubuhi za huku ni za ukungu na baridi. Mashamba ya kahawa yaliyoshuka mabondeni hayaonekani mpaka jua lipande. Mimi, mtu wa kanzu nyepesi, nimeketi jikoni karibu na moto nikiwa nimevishwa koti la mwenyeji wangu. Juu ya meza mbele yetu pana kalenda mbili, moja ya miezi ya kizungu na moja ya miezi yetu ya Kiislamu. Tunapanga safari ya kuvua.

Mtu wa tatu katika shauri hili ni mjukuu wetu, mwenye umri wa miaka 11. Mimi huniita Babu, na baba wa baba yake humwita Guka, kama watoto wa huku wasemavyo. Chimbuko la mambo yote ni picha aliyoletewa na mjomba wake, mwanangu aishiye Ontario, Kanada. Katika picha ile mjomba amemshika samaki wa rangi ya shaba, mwenye mistari ya wima ubavuni, ambaye huko huitwa bass wa mdomo mdogo. Mtoto akauliza: nasi tutavua lini?

Nilimpigia simu mwanangu nijue wao hupangaje. Akanieleza kuwa huenda Georgian Bay, ghuba kubwa ya Ziwa Huron upande wa kaskazini, yenye miamba na maelfu ya visiwa, na kwamba safari yake huanza kuipanga wakati wa baridi, maji yakiwa bado barafu. Samaki yule haruhusiwi kuvuliwa humo mpaka mwishoni mwa mwezi wa Juni, kwa kuwa katika majira ya kuchipua dume hutengeneza kiota katika changarawe, kisha hubaki akiyalinda mayai na vitoto. Akiondolewa dume, samaki wengine huingia wakala kizazi chote. Sheria ikamngojea amalize malezi. "Baba," akaniambia, "huku hatuanzi na samaki, twaanza na kalenda."

Neno lile lilinipendeza, nikaona na sisi tunayo ghuba yetu kubwa ya kaskazini: Ghuba ya Ungwana, iliyopinda kutoka Ras Ngomeni hadi Kipini, ile ambayo Wareno waliiita Formosa. Ni maji yenye sifa ya kamba, na yenye mzozo wake pia, kwani meli za kukokota nyavu zilisimamishwa humo mwaka 2006 baada ya malalamiko ya wavuvi wadogo, zikarudishwa mwaka 2011 kwa masharti. Hapo ndipo nilipotaka kumpeleka mtoto, na pamoja naye Guka wake, ambaye kwa miaka 81 ya umri wake hajapata kuiona bahari.

Mzee huyu ana historia yake na samaki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Uskochi, yakatiwa katika Mto Gura, mto uendao kwa kasi ukitoka milima ya Nyandarua na kupita huku kwetu Mukurwe-ini. Wenyeji wa zamani hawakula samaki. Wengi waliwahesabu kuwa ndugu wa nyoka. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mzee, akiwa kijana, alikuwa akipanda mpaka karibu na msitu kuwabebea Wazungu mikoba na fimbo zao za kuvulia. Ameniambia kuwa alijifunza kusimama nyuma ya jiwe kivuli chake kisiangukie maji, wala hakupata hata siku moja kuishika fimbo yenyewe.

Sasa, ndugu msomaji, nakuja kwenye kosa langu, na sitalipamba.

Mwaka juzi, katika akika ya mjukuu wetu mdogo, niliwaahidi Mzee na mkewe mbele ya watu kuwa nitawapeleka Ungwana. Nikaanza kupanga kama apangavyo mtu aliyejisikia. Nilitaka mashua kubwa yenye injini mbili, nilitaka tutoke nje ya ghuba tukavue nguru na kolekole, nilitaka nyumba ya kukodi yenye baraza. Kila nilipohesabu, fedha hazikutosha. Msimu wa kwanza ukapita nikisema kusi limevuma. Wa pili ukapita kwa mvua, nami nikakumbusha jinsi maji ya El Niño yalivyoikata barabara ya Garsen na Lamu mwishoni mwa 2023. Udhuru wangu ulikuwa wa kweli kila mara, nao ulinifaa kila mara.

Bibi wa nyumba hii hakuungoja msimu wa tatu. Alifariki mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa. Nilipokuja kuwapa pole, nilikuta dirishani kopo la plastiki lenye kifuniko. Binti yangu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mama alikuwa ameliweka tayari, alete maji ya bahari kidogo awaonyeshe wanawake wenzake wa kanisani. Kopo lile lingali pale dirishani, nami ninaliona ninapoandika.

Juzi usiku, baada ya chakula, nilimfungulia Mzee mpango wangu mpya, uliokuwa ule ule wa zamani kwa bei iliyopanda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sheikh, hiyo samaki kubwa ni ya nani? Mimi nataka kuona mahali Gura inaishia. Na huyu kijana anifundishe kushika mshipi. Hiyo tu."

Nilinyamaza kwa muda. Katika miaka miwili ya hesabu sikuwahi kumwuliza yeye anataka nini.

Na alitakalo lina maana kubwa. Maji ya Gura huingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana. Hushuka wakapita mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, wakazunguka nyika ya Garissa, Hola na Garsen, na baada ya safari ya takriban kilomita 1,000 hufika baharini Kipini. Hata mlango wenyewe una hadithi, kwa kuwa katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni, na maji ya Tana yakaelekea katika mkono wa Ozi unaotokea Kipini. Hapo karibu ndipo yalipo magofu ya Ungwana yenye misikiti ya kale, na wenyeji hukuonyesha pahala wanaposema ni kaburi la Fumo Liyongo. Mzee alipomimina maji ya kunawa asubuhi ya leo nyuma ya jiko, nilifikiri kwamba huenda mengine yakatutangulia.

Basi tumepanga upya, na natoa mpango huu hadharani kwa faida ya kila mwenye mzee nyumbani.

Kwanza ni upepo. Kwa mpango wangu wa mashua kubwa, mwezi wa Agosti ulikuwa mbaya kabisa, kwani kusi huinua mawimbi pale mto unapokutana na bahari, na wenye vyombo vidogo huliogopa fungu la mlangoni. Lakini kwa haja ya Mzee Agosti ni mwezi mwema. Masika yamekwisha, mto umerudi katika kingo zake, barabara ni kavu, na shule zimefungwa. Tutavua ndani ya mto, asubuhi, kabla upepo haujashika nguvu. Fungu hatutalivuka. Bahari ataiona akiwa amesimama juu ya mchanga.

Pili ni maji. Hapa ndipo kalenda yetu ilipotufaa. Mtoto wa pwani hufundishwa kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba baina yake ni maji mafu. Tumechagua siku za kuanzia tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, ambapo mkondo wa kupwa na kujaa ni mpole na chombo hakivutwi kwa nguvu. Mzee alifurahi kusikia kuwa mwezi autazamao juu ya migomba yake ndio uamuao maji ya Kipini.

Tatu ni njia. Kutoka hapa tutashuka Nairobi, tupande treni hadi Mombasa, tulale. Siku ya pili twende Malindi, tulale tena. Siku ya tatu Garsen, Witu, Kipini, tukisafiri mchana na baada ya kuuliza hali ya barabara na usalama kwa wenyeji na maafisa wa huko. Kijana angefika kwa siku mbili. Kiuno cha Mzee kimeomba tatu.

Nne ni afya. Mtu wa nyanda za baridi hana kinga ya malaria kama mtu wa Tana. Mzee ataonana na daktari wiki kadhaa kabla, apewe dawa ya kinga inayopatana na vidonge vyake vya shinikizo la damu. Chandarua tutakibeba wenyewe. Maji ya kunywa pia, na kofia, kwa kuwa joto la huko halimjui.

Tano ni chombo na vifaa. Nitazungumza na wasimamizi wa ufuo, wale waitwao BMU, watuonyeshe nahodha azaliwaye hapo, mwenye mashua pana, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, mtoto, mzee na sheikh vilevile. Hakuna atakayesimama ukingoni wala kutia mkono majini, maana Tana ina mamba na viboko wasiosoma mipango yetu. Vifaa ni mshipi wa mkono, ndoana za kadiri, chubwi na chambo cha kamba. Tukipata hongwe au mkizi, tumshukuru Mola. Tahadhari ni kwa miiba ya hongwe. Nahodha ndiye atakayemtoa ndoanani.

Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza kama kuvua kwa kujifurahisha kunafaa. Windo la majini ni halali kwetu, na furaha ndani ya halali si dhambi. Ila kiumbe hateswi wala hatupwi. Tutakachovua tutakila au tutawapa majirani, na tukishatosheka tutakunja mishipi. Sala tutazisali kwa ruhusa za msafiri, na saa ya kutoka imepangwa kuizingatia adhuhuri. Mzee, ambaye dini yetu ni mbalimbali, ndiye aliyeniuliza kwanza: "Na saa yako ya kuswali tumeiweka wapi?"

Gharama ya haya yote, tulipoiandika, ilikuwa chini ya robo ya mpango wangu wa kwanza. Maana yake ni kwamba tangu mwaka wa ile akika fedha zilikuwepo. Safari aliyoitaka bibi wa nyumba hii ilikuwa ndani ya uwezo wangu siku ile ile niliyomwahidi. Kilichomchelewesha ni fahari yangu ya kutaka kumpa zaidi ya alichotaka, bila kumwuliza. Naomba maghufira kwa Mola wangu, na nimeomba radhi kwa mumewe.

Enyi wenye wazazi, wakwe na majirani waliokwisha kuzeeka: huenda mmewaahidi kitu, iwe ni umra, safari ya kijijini kwao, au kikao cha jamaa wote. Nendeni mkawaulize wao wanakitaka kwa kiasi gani. Yamkini wanataka kidogo, na kidogo hicho kimo mkononi mwenu leo.

Mjukuu ameyaandika yote katika daftari la shule, kila siku na ukurasa wake. Nilipomaliza kumsomea Mzee orodha ya vitu vya kubeba, aliinuka, akaenda dirishani, akalichukua lile kopo, akalifuta vumbi kwa ncha ya sweta yake, akaliweka juu ya daftari.

"Na hii," akasema.

Mtoto akaliandika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.