Usimlaumu mtumiaji, hata wa sindano

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja: mambo yakiharibika tunasema kosa ni la mtumiaji. Alibonyeza asipofaa. Hakusoma maagizo. Lakini ukiweka kitufe cha kufuta kando ya kile cha kuhifadhi, siku moja mtu atakibonyeza tu, na wa kulaumiwa ni wewe uliyekiweka pale.

Wenzetu wa tiba walilielewa jambo hili, ila wakaishia katikati ya safari.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, na watu 260,000 virusi vya Ukimwi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa semina na mabango: usirudie sindano! Kisha likaja bomba linalojifunga lenyewe. Ukishasukuma dawa hadi mwisho, kijiti cha kusukumia hakirudi nyuma, na ukikilazimisha kinavunjika. Mwaka wa 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitaka chanjo zote zitumie mabomba hayo kufikia mwisho wa 2003. Siku hizi kuna kiwanda kinachoyatengeneza hapa kwetu Kilifi. Hata muuguzi awe amechoka na foleni imefika langoni, bomba linakataa kurudiwa. Huo ndio usanifu ninaousifu.

Sasa basi, baada ya kudungwa je? Ncha bado ni kali. Zahanati ina lile sanduku la katoni la lita 5, linaloingia mabomba kama 100 na kufungwa likijaa robo tatu. Hapo sawa. Halafu mara nyingi linachomwa shimoni, kwa moto mdogo na moshi mchafu. Njia safi zaidi ni otoklevu, mtungi wa mvuke wa presha unaofika nyuzi 121 na kuua vijidudu, kisha sindano zisagwe kwa sababu mvuke hauondoi ukali. (Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kuna vijidudu vinavyostahimili nyuzi 100.)

Kinachonikera zaidi ni nyumbani. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini mara mbili kwa siku, kila mara kwa sindano mpya, anabaki na sindano 730 kwa mwaka. Zinaenda wapi? Kwenye mfuko wa taka, halafu mkokoteni, halafu jaa kama lile la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka wa 2001 na bado likaendelea kupokea taka miaka mingi baadaye. Pale kuna mtu anayeokota plastiki kwa mikono mitupu. Virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na asiyechanjwa akidungwa na sindano yenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Huyu utamwambia hakusoma bango?

Maoni yangu: duka la dawa lisiuze sindano bila chombo kigumu cha kuzitupia, na mteja alipe amana anayorudishiwa akileta chombo kimejaa. Chupa za soda tulizirudisha dukani miaka yote bila semina hata moja, kwa sababu ya shilingi chache za amana. Kaunti nayo ikusanye vyombo na kuvipeleka kwenye hospitali yenye otoklevu. Najua mtu atauliza nani atalipa. Kwa sasa anayelipa ni yule wa jaani, tena kwa ini lake.

Kabla hayo hayajafika, tumia chupa ngumu ya sabuni ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha. Usirudishie sindano kifuniko chake, itakuchoma. Chupa ikikaribia kujaa ifunge kwa gundi ya karatasi na uulize kliniki yako ya kisukari kama wataipokea. Na ukidungwa na sindano ya mtu mwingine, osha kwa sabuni na maji, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kwisha.