Mumiani na Undugu wa Damu



Nani kati yetu hakutishwa na mumiani alipokuwa mtoto? Ukichelewa dukani, utanyonywa damu! Wakati wa ukoloni, Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto kwa sababu hiyo hiyo.

Mumiani wa hadithi mara nyingi hana ukoo wala jirani wa kumdhamini. Ni mgeni tu mwenye gari. Hivyo tunapomsimulia mtoto, tunamfundisha pia nani ni ndugu na nani si ndugu.

Fundisho hilo limeua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao walikuja kuchukua udongo wa kupima. Ukapigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu. Wote watatu waliuawa, na gari lao likachomwa moto. Mwaka 2017 uvumi kama huo uliua watu kusini mwa Malawi. Nao walizaliwa na akina mama kama sisi.

Wazee wetu walijua njia nyingine. Mgeni aliweza kuchanjiana damu na mwenyeji, na tangu siku hiyo akawa ndugu, hakuna wa kumgusa. Damu iliwaunganisha.

Hata leo ni hivyo. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa katika saa chache. Huenda damu ya mume na ya ndugu zake isimfae. Chupa inayomwokoa inaweza kutoka kwa mtu asiyemjua kabisa. Je, huyo si jirani yake, kama yule Msamaria wa Luka 10?

Hatusemi watoto wamfuate kila mtu. Tuwakataze kupokea lifti na peremende kwa wasiowajua, lakini tuwaeleze hatari ya kweli, tusiwatishe kwa mumiani. Ukelele ukipigwa, tuwazuie waume na vijana wetu wasiokote mawe. Kwanza mwenyekiti wa kijiji aitwe, mgeni aulizwe ametumwa na nani. Na siku ya kuchangia damu, aliye na afya njema, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, aende. Watoto wakituuliza damu hiyo ni ya nani, tuwajibu: ni ya ndugu yetu ambaye bado hatujamjua.