Kidole Kilichopinda na Kiatu cha Shule

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, viatu vya shule aghalabu hununuliwa kwa fedha za korosho. Mauzo huanza Oktoba, shule hufunguliwa Januari, na mzazi anayelitegemea zao hilo ni shida kununua tena kabla ya msimu mwingine. Mguu wa mtoto wa miaka 13 hausubiri msimu. Hukua ndani ya kiatu kile kile, na vinavyokosa nafasi ni vidole.

Aghalabu huanza kidole cha pili. Hujikunja katika kiungo cha kati, ncha ikaelekea chini, kiungo kikainuka mfano wa nyundo. Na juu yake, panaposuguana na kiatu, huota sugu. Misuli midogo iliyomo wayoni ndiyo isaidiayo kuvinyoosha vidole. Mirefu itokayo nyuma ya muundi ndiyo ivikunjayo. Kidole kikikaa kimekunjwa miezi mingi, ile midogo hushindwa, kano hufupika, kiungo hukakamaa.

Mwalimu wa baiolojia aweza kukipima bila chombo chochote. Kishike, ukinyooshe taratibu. Kikinyooka, tiba ni kiatu kipana chenye kimo mbele, pamoja na kukinyoosha kwa mkono kila siku. Kikikataa na kuuma, ni kazi ya daktari wa mifupa, ambaye huweza kuondoa kipande cha mfupa ili kidole kilale sawa. Kukata sugu kwa wembe si tiba. Ni kukaribisha kidonda.

Kipimo cha pili ni kizito zaidi. Mwanafunzi afumbe macho, nawe uguse vidole na wayo kwa unyoya. Asipohisi, usilaumu kiatu, bali mpeleke hospitali. Tanzania ilishuka chini ya mgonjwa 1 wa ukoma kwa watu 10,000 mwaka 2006, lakini ugonjwa wenyewe haujatoweka. Huharibu neva ipitayo nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu; misuli ya wayo hupooza, na vidole hujikunja kama makucha. Kisukari cha muda mrefu huweza kufanya vivyo hivyo. Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Huua vijidudu, lakini hazinyooshi kidole kilichokwisha kupinda.

Kwa sababu hizo siafiki ukali wa baadhi ya shule juu ya kiatu cheusi cha kufunika. Sare ni jambo jema. Lakini mwanafunzi arudishwaye nyumbani kwa kuvaa katambuga huweza kurejea kesho amebanwa na kiatu alichokiacha ndugu yake, na mwalimu wa zamu akaridhika! Katambuga za matairi makuukuu huviachia vidole nafasi kuliko viatu vingi vya dukani.

Ningependa kila shule ifanye hivi: mwanafunzi asimame peku juu ya karatasi, mwenzake achore ukingo wa mguu, kisha kiatu kiwekwe juu ya mchoro. Mchoro ukijitokeza nje, kiatu hicho si chake. Karatasi hiyo apelekewe mzazi mwezi Oktoba, kabla fedha za korosho hazijapangiwa mengine, naye aongeze upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote.